Mhadhiri wa Vitu Visivyoonekana

Nianze na salamu zake, maana hapo ndipo utakapomjua upesi. Ukikutana naye njiani, hapa Kiseke au kule Nyegezi anakofundisha, kabla hujafungua mdomo keshasema "marahaba." Hujasema shikamoo. Labda ulikuwa unapiga mwayo. Labda ulitaka kumwambia zipu iko wazi. Yeye keshapokea heshima yake na safari inaendelea. Siku moja nilinyamaza makusudi, nikamtazama tu. Akasema marahaba mara mbili, ya pili polepole, kama anayemsomea mtoto imla.

Mtaani tunamwita Mhadhiri. Jina analo, na ukoo anao, na kijiji huko Kagera anacho. Ukitaka hayo kamuulize mwenyewe, ila tafuta pa kukaa kwanza, maana jibu lake ni refu. Wenye utani humwita nshomile, yaani msomi, na yeye hachukii, anatabasamu kama aliyeongezewa cheti. Mimi nitasema niliyoyaona kwa miaka zaidi ya saba: kwanza nikiwa msichana wa kidato cha tatu, halafu nikiwa fundi simu mwenye mtoto mgongoni.

Na nisiwafiche kitu. Katika miaka hiyo, mitatu ya mwisho nilikuwa nataka jambo moja kwake. Barua. Ukurasa mmoja tu wa kuniingiza chuoni nikasome kile anachokifundisha. Mtu huyu anaweza kuongea saa mbili juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, lakini ukurasa mmoja ulimshinda miaka mitatu.

Anachofundisha kinaitwa Mikroelektroniki na Maada za Kikwanta. Jina hilo hulitamka lote, halikatizi, hata akiwa anaagiza chai. Kwa maneno ya watu, sehemu ya kwanza ni ufundi wa kutengeneza saketi ndogo mno, zile zilizo ndani ya chipu ya simu yako, ambapo kwenye upana wa unywele mmoja wanapanga nyaya mamia. Sehemu ya pili ni vitu ambavyo umeme ukiingia ndani yake unafanya vituko. Kuna vinavyopitisha umeme bila kuupinga hata kidogo vikipozwa sana. Kuna vingine vinapitisha juu ya ngozi tu, lakini ndani ni kama jiwe. Siku aliponieleza hivyo vya ngozi nilijua anajieleza mwenyewe. Nje anang'aa, ndani hakipiti kitu.

Ana msemo wake mmoja, na nikiri kwamba ni mzuri. Husema hivi: "Kitu ukikipunguza hadi kikawa kidogo kabisa, kinaacha kutii sheria za wakubwa." Wanafunzi wake wameuandika kwenye madaftari. Mimi nimeuandika ndani ya mfuniko wa boksi langu la vibanio. Sidhani kama yeye mwenyewe amewahi kukaa akausikiliza.

Niseme alivyonipata. Nilikuwa kidato cha tatu, akaja shuleni kwetu siku ya taaluma. Wengine waliokuja siku hiyo walikuwa nesi, mtu wa benki na mwanajeshi mmoja ambaye wavulana walimpigia makofi kabla hajasema kitu. Mhadhiri alikuja na kiberiti. Ndani ya kiberiti, akasema, kuna chipu. Akakinyanyua juu, akakizungusha huku na huku, akakirudisha mfukoni. Hakuna aliyeona chochote. Hadi leo sijui kama kile kiberiti kilikuwa na chipu au njiti.

Lakini akaongea. Akasema mchanga wa ziwa hili, huu tunaouona ukipita kwenye malori, ndani yake mna silikoni, na silikoni ndiyo ubongo wa kila kompyuta duniani. "Ninyi mnajengea vyoo," akasema, kana kwamba sisi watoto ndio tuliokuwa na malori. Halafu akauliza waya ukifanywa mwembamba, na tena mwembamba, na tena, mwisho wake utakuwa nini. Mmoja akasema utakatika. Mwingine akasema utapata moto. Mimi nikasema utafika mahali hautakuwa waya tena, utakuwa kitu kingine. Akanitazama kwa muda, akamwambia mwalimu wetu wa fizikia kwamba kichwa hiki ni cha mikroelektroniki, kisipotee.

Mtu akikuambia neno kama hilo una miaka kumi na sita, amekumaliza. Sikusikia kitu kingine mwaka mzima. Niliokota redio mbovu, nikazifungua, nikahesabu miguu ya chipu. Hilo ni lake na simnyimi.

Kidato cha nne nikapata mimba ya Glory, nikarudishwa nyumbani. Wakati huo mama yangu alikuwa akifua nguo kwa Mhadhiri siku za Jumamosi. Jumamosi moja akarudi, akabandika maji ya ugali, akasonga, akapakua, na tulipokuwa tunakula ndipo akanieleza. Mhadhiri alikuwa na wageni barazani. Mmoja wao akamtaja yule binti wa mama mfuaji aliyekuwa anajua fizikia, kwamba ameharibikiwa. Mhadhiri akasema, "Fizikia haijapoteza kitu." Mama alikuwa na shati lake mkononi, analikamua.

Mama hakuacha kazi, tulikuwa tunakula kwa kazi hiyo. Lakini tangu siku hiyo nguo za yule bwana zilikuwa zinakauka bila kukunjuliwa vizuri, na ukimwona hadi leo na kola iliyopinda, ujue ni mazoea ya mama yangu.

Glory alipofika miaka miwili nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fizikia nikaipasua, hisabati nikaipasua, kemia ikanipasua mimi. Bila kemia mlango wa mbele wa uhandisi ukafungwa. Kwa hiyo nikakaa kwenye meza ya simu barabarani Kiseke, kwanza kwa fundi mmoja aliyenivumilia, na alipohamia Kahama akaniachia kibanda. Nilijifunza kwa bodi zilizokufa. Nikaziharibu nyingi. Glory alilala chini ya meza ndani ya boksi la televisheni, na mimi juu nang'oa chipu ndogo kuliko punje ya ulezi, naisafisha, nairudisha mahali pake kwa blowa ya moto, napumua baada ya kumaliza. Nikapata hadubini iliyotumika. Kibandani nikaandika kwa rangi nyekundu MAMA GLORY SIMU.

Sasa turudi kwa msomi wetu na vitu vinavyoonekana.

Nyumbani kwake balbu hubadilishwa na mkewe. Simtanii, nimeshuhudia. Yule mama alipanda juu ya meza, Mhadhiri akawa chini ameshika meza isitikisike, huku anamweleza kwa nini taa za zamani zilikuwa zinakula umeme. Mkewe akamwambia, "Baba, shika meza." Akashika, akaendelea kueleza.

Msibani kwa jirani yetu mmoja, kipaza sauti kilikata mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Watu wote wakageuka kumtazama Mhadhiri. Ungemwona alivyosimama: akafungua vifungo vya mikono, akafuta viatu kwa leso kwanza, hilo hulifanya kabla ya kila jambo, akafungua mfuniko wa mashine. Akaanza kutuonyesha. Hapa sauti inaingia ikiwa ndogo, hapa inakuzwa, hapa ndani mna nusu-kipitishi. Wafiwa wakatulia kumsikiliza, wengine wakadhani ni sehemu ya ibada. Ikapita nusu saa, marehemu anasubiri. Nikasogea na Glory mgongoni, nikaona waya mmoja umechomoka nyuma, nikausukuma kwa kidole. Mchungaji akaendelea na mstari uleule. Mhadhiri akafunga mfuniko akasema, "Ndivyo nilivyokuwa nakuja kusema."

Na kuna lile la mchele. Aliwapeleka wanafunzi ziwani kupiga picha juu ya mawe, wamwonyeshe kwenye tangazo la chuo akiwa na upepo kwenye koti. Simu ikaponyoka, ikatumbukia. Huyu ni mtu anayejua chembe za umeme zinavyokaa ndani ya silikoni. Anajua maji yakikaa kwenye bodi yanafanya nini. Akaenda nayo nyumbani, akaizika kwenye debe la mchele wa Magu, akaiacha siku nne. Mkewe akawa anapika wali kutoka kwenye debe hilo hilo, anachota kwa kuzungukia simu.

Siku ya tano akaniletea. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia kibandani kwangu. Akasema marahaba, akafuta viatu, ingawa alikuwa amesimama kwenye vumbi, na akanieleza kwa maneno marefu kwamba simu haichaji. Nikaiweka chini ya hadubini. Kwenye tundu la chaji mlikuwa na punje ya mchele nzima, imenona kwa maji, na unga wake umeganda kila mahali. Nikamwambia asogee aangalie. Akainama, akaona. Nilitaka kucheka hadi niumwe mbavu, lakini niliona uso wake ukibadilika, na haikuwa kwa sababu ya mchele. Alikuwa anaitazama bodi. Alisogeza kidogo, akasogeza tena. Akauliza kwa sauti ya chini hadubini kama hii inapatikana wapi.

Hapo nikajua. Chuoni hawana. Mtu anafundisha vitu visivyoonekana kwa macho na hana cha kuvionea.

Baadaye wanafunzi wake wenyewe walinieleza maabara yao ikoje. Ni penseli na selotepu. Mhadhiri anasugua penseli kwenye karatasi, anabandika selotepu, anabandua, anabandika nyingine juu ya ile, anabandua tena, na tena, hadi ule weusi unakuwa mwembamba kama kivuli. Kisha anaunyanyua dirishani na kusema hii ndiyo maada ya kikwanta, tabaka karibu na la mwisho. Niliwauliza kama ni uongo. Wakasema hapana, ni kweli kabisa, hata wakubwa wa fani walianza hivyo. Tatizo ni kwamba muhula mzima hawajatoka kwenye selotepu. Alifanya hivyo pia kwenye harusi ya mpwa wake, kwenye meza kuu, bibi harusi akadhani ni zawadi inafunguliwa.

Basi baada ya mchele akaja kuniomba. Siyo kuniomba, kunitaarifu. Kwamba ataleta wanafunzi wake kwa ziara ya mafunzo. Nikamwambia walete. Wakaja saba, wamebanana kibandani, wengine nje. Vijana wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, wanaochora chipu ubaoni vizuri kuliko kalenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika blowa. Niliwafundisha kushika kibanio kama unavyotoa mwiba kwenye kisigino cha mtoto aliyelala: usibane, usitetemeke, usimwamshe. Niliwaonyesha vijipira vya risasi ya kuunganishia chini ya chipu, namna vinavyoyeyuka vyote pamoja na chipu inajivuta yenyewe mahali pake. Dada mmoja alipoona hivyo akapiga kelele ya furaha. Akaniita madam.

Mhadhiri alikuwa amekaa kwenye stuli yangu, leso mkononi. Akasema, "Mwiteni Mama Glory, inatosha."

Waliendelea kuja. Miaka mitatu, kila muhula, kundi jipya. Yeye na stuli, mimi na hadubini. Na ndiyo wakati huo nikaomba barua.

Chuo chao kina mlango wa pembeni kwa mafundi walio kazini. Unapimwa kwa mikono yako, na mhadhiri wa fani anaandika kwamba ameiona kazi yako na anaithibitisha. Unaingia stashahada, na ukifaulu hapo unaendelea na shahada, kemia au bila kemia. Mhadhiri wa fani hiyo kwa upande wetu wote huu ni mmoja. Ni huyo huyo.

Watu huniuliza kwa nini nisitosheke. Nina kibanda, nina wateja, wanatoka mpaka Igombe. Nitajibu mara moja tu. Nimechoka kung'oa vitu nisivyovijua. Najua chipu ikifa, najua niweke ipi, lakini ndani yake sijui kunafanyika nini. Ni kama nesi wa kuzalisha ambaye hajawahi kuambiwa mtoto anatokea wapi. Nataka kuingia ndani. Niliambiwa nina kichwa cha kuingia ndani, na aliyeniambia ni yeye, hata kama amesahau.

Kila nikimkumbusha alikuwa na jibu. Nitaandika likizo. Nitaandika nikimaliza kusahihisha. Barua ya namna hii haiandikwi kwa haraka. Mwaka wa pili akaniambia niwe na subira kama elektroni inayosubiri nishati. Nikamwambia elektroni haina mtoto. Akacheka, akasema hiyo ni nzuri, akaiandika kwenye kijitabu chake. Hiyo aliiandika palepale.

Kilichomwamsha siyo mimi. Miaka yote Mikroelektroniki na Maada za Kikwanta lilikuwa somo moja tu la nyongeza. Yeye alitaka liwe mchepuo kamili wa stashahada, mtu anaingia mwaka wa kwanza na kutoka nao. Mwaka huu chuo kikakubali kwa sharti: apate wanafunzi kumi kabla ya udahili kufungwa. Vijana hawaji. Wanataka umeme wa njia kuu au mawasiliano, huko wanaona ajira. Mhadhiri akazunguka kama mgombea udiwani. Akasimama kanisani wakati wa matangazo. Akaenda Magu kwa mzazi mmoja kumweleza habari za mchanga, mzazi akamuuliza kama anauza.

Alipokwama kwa tisa, ndipo barua yangu ikapatikana ghafla. Akaniletea kibandani, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa selotepu, akasema niipeleke kama ilivyo. Nikampa mkono. Nikamwambia asante mwalimu, na nilimaanisha. Nikamvalisha Glory gauni la Jumapili, tukaenda Nyegezi.

Kijana wa ofisi ya udahili akafungua, akasoma, akaangalia fomu yangu, akasoma tena. Akaniuliza, "Huyu Mama Glory ni nani? Mlezi wako?"

Nikamwambia ni mimi. Akasema fomu inasema Kabula Maganga. Barua inamthibitisha Mama Glory wa Kiseke, na chuo hakiwezi kudahili mama wa mtu. Akanigeuzia karatasi nione. Ilikuwa Kiingereza kizuri, nembo juu, muhuri chini, na katikati jina langu la mtaani kama lilivyo kibandani. Tangu siku ya kiberiti hadi siku ile, mtu huyu hakuwahi kuuliza naitwa nani.

Ningecheka na kuondoka. Lakini macho yalikuwa yameshafika mstari wa pili. Uliandikwa kwamba Mama Glory amepata ujuzi wake wa chipu kwa kufundishwa na yeye mwenyewe, kwa miaka mitatu, chini ya uangalizi wake wa karibu.

Kijana akasema nilete nyingine, siku ya mwisho ni Ijumaa. Glory aliniambia mama unaniminya mkono.

Sikwenda kwake. Jumatatu, Jumanne, Jumatano nilikaa kibandani na hasira yangu. Alhamisi mchana akaja mwenyewe. Ofisi ilikuwa imemwambia. Akaingia bila marahaba, na viatu hakufuta.

Akasema jina tutalibadilisha, hilo ni dogo. Nikamuuliza na mstari wa pili je. Akauliza mstari huo una tatizo gani.

"Umenifundisha lini?"

Akaanza. Kwamba kufundisha kuna namna nyingi. Kwamba alipokuwa analeta wanafunzi alikuwa anatengeneza mazingira. Kwamba kamati inapenda kuona mwendelezo, kuona mwalimu na mwanafunzi, na kwamba mstari ule ndio utakaonipitisha.

"Mwalimu," nikasema, "ulikuwa umekaa kwenye hiyo stuli unafuta viatu."

Akaikalia stuli, nadhani kwa mazoea, kisha akajiona. Akasema, "Nikiandika kwamba hukufundishwa na mtu, wataniuliza mimi nimefanya nini." Nikamwambia aandike alichofanya.

"Unajua kesho ndiyo mwisho?" akaniambia.

"Najua. Na wewe unao tisa."

Hapo akanitazama. Nami nilimtazama, lakini ndani nilikuwa kama simu iliyowekwa mtetemo. Angeinuka akaenda zake, mchepuo wake ungekufa, sawa, lakini wangu pia. Yeye ana mshahara na kiti. Mimi Glory anaanza darasa la kwanza mwakani, na mlango wa pembeni hauwasubiri watu. Kuna sauti ilikuwa inaniambia, chukua karatasi, mwache na uongo wake, utamsahau ukiwa ndani. Sauti hiyo ilikuwa na akili. Lakini niliona nitakavyoitwa mbele za watu: huyu nilimtoa kibandani, huyu ni kazi ya mikono yangu. Miaka yote. Kwenye harusi, misibani. Nikaendelea kusafisha bodi.

Mteja mmoja akaja, nikamhudumia, akaondoka.

Mwisho Mhadhiri akasogeza bodi zangu pembeni, akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye nembo. Akaandika tarehe. Akanyanyua kalamu. Akaangalia juu ya mlango, kwenye rangi nyekundu, akaona haisaidii. Akamgeukia Glory, aliyekuwa anachora kwenye boksi la chaja.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Anaitwa mama," Glory akasema, bila kuinua kichwa.

Nilimwacha akae nalo kidogo. Kisha nikasema, "Kabula Maganga. K, a, b."

Akasema anajua kuandika.

Akaandika kwa mkono, kwa Kiswahili, polepole. Alipofika mstari wa pili kalamu ikasimama tena, na nikasimama nayo. Kisha ikaenda. Alipomaliza akanisukumia nisome. Iliandikwa: Ujuzi huu ameupata mwenyewe kazini. Wanafunzi wangu wameupata kwake.

Sentensi ya kwanza nilimlazimisha. Ya pili sikumwomba. Nilitaka kusema kitu, lakini chini yake alikuwa ameongeza aya nzima juu ya umuhimu wa Mikroelektroniki na Maada za Kikwanta kwa taifa, basi nikashukuru Mungu kwamba bado ni yeye. Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza dirishani.

Sasa nimekaa wiki mbili darasani kwake, mstari wa mbele, na hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Nilitamani awe bure kabisa. Nilikwenda na daftari na dharau, tayari kuhesabu makosa. Na yule mtu, mkononi chaki, mgongo kwetu, akaanza kueleza mpaka ulio kati ya aina mbili za silikoni, umeme unavyosukumwa hapo na kuzuiwa hapo, na mimi nikaona kitu nilichokigusa mara elfu kikifunguka kama mlango. Kile kilichokuwa ndani. Hakupoteza neno hata moja. Dakika arobaini hakujitaja. Niliandika hadi kidole kikauma, na nilimchukia kwa kila mstari kwa sababu angeweza kuwa mtu huyu siku zote.

Jana nikanyoosha mkono. Nikamwambia: akina mama wanaoanika dagaa kule Igombe huniletea simu zimekufa chipu ileile ya chaji, hata zile ambazo hazijawahi kuingia maji. Simu za aina hiyohiyo kutoka mjini hazina ugonjwa huo. Nimebadilisha chipu hizo miaka mitatu. Kinachoziua ni nini?

Akageuka kutoka ubaoni. Akavuta pumzi, ile pumzi yake ya saa mbili, na tisa wenzangu wakaweka kalamu chini kujiandaa. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaitazama chaki kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

"Sijui," akasema. Halafu akasema, "Zilete hizo bodi."

Nikaandika tarehe pembeni ya daftari. Nikaandika: Mhadhiri hajui. Nikapigia mstari, nikafungua ukurasa mpya.